Karamu ya Usiku Usio na Mwezi

Zipo kazi za mikono zisizo na duka wala soko, ambazo mtendaji wake halipwi ujira wala hatunukiwi nishani, na ambazo hata jirani wa ukuta mmoja aghalabu hajui kwamba zinatendwa. Miongoni mwa kazi hizo, ile ninayotaka kuisifu leo kwa moyo mkunjufu ni kazi ya watu wa zama zetu, katika Uingereza, Marekani na miji mingi ya Ulaya, wanaojiita wachawi, na ambao kati ya miungu yote ya Wayunani wa kale wamemchagua Hekate kuwa mungu wa kike wa kumtukuza: Hekate mwenye mienge, mshika funguo, mlinzi wa milango na njia panda. Mambo ya ajabu hayajapata kukosa wasifu wake, na si ajabu yao inayonivuta. Kinachonivuta ni kuwa shughuli yao ni kazi halisi, yenye mwanzo, kipimo na mwisho, iwezayo kufanywa vyema au vibaya. Na ya kuwa ndani yake taadhima haiachwi juu ya ulimi, bali huteremka mpaka vidoleni.

Najua kuwa msomaji wa pwani yetu, na wa bara vilevile, akisikia mtu anajiita mchawi moyo wake husinyaa, naye ana haki. Kwetu sisi mchawi ni hasidi wa jirani na adui wa mtoto aliye tumboni, na hofu ya jina hilo imewaponza wazee wengi wasio na hatia, waliouawa Usukumani na Kilifi kwa sababu ya macho mekundu, mvi na tuhuma za bure. Lakini wengi wa watu ninaowaandika hapa hawamkusudii mtu shari. Matendo yao, lau yangetendwa mbele yetu bila ya jina, tungeyahesabu upande wa uganga na tambiko: kusafisha nyumba, kufukiza, kuomba, kuagua, kujua dawa za miti, kutoa sadaka. Mimi si mfuasi wa dini yao, wala sikusudii kumwita mtu kuifuata; ila adabu ya kazi ni amana ya wanadamu wote, na palipo na ustadi ni dhuluma kuunyima sifa yake.

Tumjue kwanza huyo anayetumikiwa. Hesiod, mshairi wa Wayunani aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Masihi, alipopanga nasaba za miungu katika utenzi wake uitwao Theogonia, alisimama njiani kumsifu Hekate binti Perses na Asteria kwa beti nyingi kuliko alivyowasifu wengi walio mashuhuri zaidi. Alisema kuwa Zeus aliposhika ufalme wa miungu hakumpokonya heshima yake ya zamani, bali alimwachia fungu katika ardhi, katika bahari na katika mbingu yenye nyota; na ya kuwa yeye huketi karibu na waamuzi barazani, humsaidia mpanda farasi, mchunga mifugo na mvuvi atafutaye riziki katika bahari chafu, na huwalea watoto. Utenzi mwingine wa kale, wa kumsifu Demeter, wasimulia kuwa siku binti yake Persephone alipotekwa akapelekwa kuzimu, Hekate alikuwa pangoni mwake akakisikia kilio. Na mama mtu alipokwisha kutangatanga siku tisa bila kula wala kuoga, Hekate ndiye aliyemjia siku ya kumi, mwenge mkononi, akamweleza alichokisikia, wakaenda pamoja kuulizia. Basi mwenge ule ambao wachoraji wa baadaye waliufanya alama ya vitisho, asili yake ni taa ya mtu aliyeondoka kwake ili kumsindikiza mfiwa.

Msafiri Pausanias aliandika kuwa mchongaji Alkamenes ndiye wa kwanza kumchonga Hekate mwenye viwiliwili vitatu vilivyoungana, na sanamu hiyo iliwekwa juu ya Acropolis ya Athens, karibu na hekalu la Ushindi. Sanamu ndogo za Hekate zilisimama mbele ya milango ya raia, na katika njia panda nyuso tatu zilitazama njia tatu kwa pamoja. Lagina, katika nchi ambayo leo ni kusini-magharibi ya Uturuki, palikuwa na hekalu lake kubwa, ambalo Osman Hamdi Bey alilifukua mwaka 1891 na 1892. Na katika sherehe zake za mahali pale ufunguo mtakatifu ulibebwa katika msafara na msichana aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo popote binadamu anaposimama baina ya mambo mawili, nyumba na barabara, mwezi na mwezi, uhai na mauti, Wayunani walimwekea Hekate kiti chake hapo.

Sasa tuiangalie kazi yenyewe, nayo kilele chake ni karamu ya mwisho wa mwezi, iitwayo Deipnon. Wayunani, kama sisi, walihesabu miezi yao kwa mwandamo; na usiku ule wa mwisho, mwezi unapokuwa haupo kabisa machoni, nyumba ilitolewa taka na mabaki ya kafara, na chakula cha Hekate kikapelekwa njia panda, mikate na mayai na vitunguu saumu, na aliyekipeleka akarudi kwake bila kugeuza kichwa. Siku zizo hizo ndizo madeni na riba vilipodaiwa katika Athens, hata ikawa mwisho wa mwezi ni wakati wa kila mtu kukabiliana na alivyokuwa akivikwepa. Na Aristophanes, katika mchezo wake uitwao Ploutos ulioonyeshwa mwaka 388 kabla ya Masihi, anatudokeza jambo jingine: matajiri walimtolea Hekate chakula kila mwezi, na maskini wakakinyakua karibu kabla hakijatua chini. Yeye alisema kwa kuchekesha watazamaji. Lakini katika mzaha huo tunapata ushahidi kuwa sahani ya mungu ilikuwa pia sahani ya mwenye njaa.

Mtazame mmoja wa watumishi wake wa leo, katika nyumba ya kupanga ya mji wa baridi, jioni ya siku hiyo. Haanzi na mishumaa. Huanza na ufagio, akitoka chumba cha ndani kabisa akielekea mlangoni, kwa sababu taka hutolewa na haizungushwi. Hulifungua jokofu akatupa kilichooza, hukitazama kitabu cha hesabu akalipa deni dogo alilolisahau, hukipangusa kizingiti kwa maji na siki, akazitia mafuta bawaba zilizokuwa zikilia. Kisha huandaa maji ya kutawadhia: hulishika kwa koleo jani kavu la mlaureli, huliwasha kwa moto wa mshumaa hata ncha yake ikatoa cheche, halafu hulizamisha katika bakuli la maji yenye chumvi kidogo, jani hulia mara moja, moshi mwembamba hupanda, na harufu yake, iliyo kali na tamu kwa pamoja, hubaki juu ya maji. Wayunani nao waliyatakasa maji kwa kuzamisha ndani yake kijinga cha moto kilichotoka madhabahuni. Hunawa mikono na uso, na hapo ndipo unga unapokandwa.

Mkate ni mdogo, wa asali, na mkandaji mzuri hujulikana kwa subira yake, maana unga usioumuka barabara hutoa mkate mgumu, na kumpa mgeni mkate mgumu ni aibu hata mgeni akiwa haonekani. Huongezwa yai na kitunguu saumu kisichomenywa, vyote juu ya sahani ya udongo. Zamani sahani hiyo ilipelekwa njia panda. Leo njia panda ni lami na magari, na chakula kilichoachwa ovyo chaweza kumdhuru mnyama au kumkera mfagiaji wa barabara. Kwa hiyo mwenye busara hukiweka mlangoni pake au mahali ambapo kijia cha uani hukutana na njia, akasema maombi yake kwa sauti ya wastani, akaingia ndani bila kugeuka. Fauka ya hayo, wengi wao wameshika mafundisho yaliyofichwa katika mzaha wa Aristophanes, wakapeleka siku hiyo fungu jingine la chakula katika maghala ya kulisha maskini, au fedha kwa wenye kutunza mbwa waliotupwa, kwani mbwa ni mnyama wa Hekate. Kesho yake, mwezi ukiandama, siku ambayo Wayunani waliiita Noumenia, taa hutiwa mafuta mapya na mitungi ya nyumba hujazwa upya. Kila mwezi huwa hivyo, bila makofi wala shahada. Na mtu aliyeyatenda haya miaka kadha wa kadha hufika mahali ambapo mikono yake yajua saa ya kuanza kabla ya kalenda kumwambia.

Tawi la pili la kazi hii ni elimu ya mizizi na majani. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliwataja wakata mizizi wa zama zake na masharti yao: achimbaye thapsia ajipake mafuta, asimame upande utokako upepo, achimbaye peonia achimbe usiku, asije akaonwa na kigong'ota akapata madhara ya macho, akataye mandragora auzunguke kwa upanga mara tatu. Theophrastus alikuwa mtu wa mizani: sharti la mafuta na upepo aliliona lina maana, kwa kuwa utomvu wa mmea ule huunguza ngozi, na mengine akayahesabu kuwa ni nyongeza za watu. Fundi mwema wa leo anayepanda bustani ya Hekate, yenye akoniti na beladona kando ya mnanaa na vitunguu saumu, amerithi mizani hiyo hiyo. Huvaa glavu, huandika jina la kila mche juu ya kibao, hutenganisha visu vya sumu na visu vya jikoni, na hayatii kinywani asiyoyajua, kwani akoniti haitofautishi mcha Mungu na asiyemcha. Ibada isiyojua kipimo cha sumu ni ghururi. Na bustani ile, iliyopangwa kwa hofu yenye maarifa, yanithibitishia kuwa utukufu na tahadhari vyaweza kukaa katika shamba moja.

Hata sisi wa pwani tuna sehemu katika moshi wao. Ubani ufukizwao kwa Hekate, zamani na sasa, ni utomvu wa miti iotayo Dhofar katika Omani na katika nchi ya Wasomali; na karne ya 1 baada ya Masihi mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani alizieleza bandari za ubani katika kitabu cha safari za Bahari ya Shamu, kisha akaendelea kusini katika pwani yetu, aliyoiita Azania, mpaka soko la Rhapta. Dau moja la biashara liliunganisha madhabahu ya Wayunani na chetezo cha mama zetu. Na mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili, ambamo chetezo huzungushwa vyumbani jioni, hana haja ya kuelezwa kwa nini moshi mzuri huutuliza moyo na kuipa nyumba hadhi.

Yupo atakayeuliza kama kazi hii ni ya kale kweli. Jawabu ni kuwa uzi ulikatika. Kaisari Theodosius alizipiga marufuku kafara za miungu ya zamani kwa amri za mwaka 391 na 392, mahekalu yakafungwa, na hakuna silsila ya mwalimu na mwanafunzi iliyotoka Lagina ikafika London. Uchawi wa kisasa wa Uingereza ulijulikana hadharani baada ya sheria ya zamani ya kuupinga kufutwa mwaka 1951, na Gerald Gardner kuchapisha kitabu chake juu ya uchawi huo mwaka 1954. Mwandishi Doreen Valiente aliupa maneno mengi mazuri ya ibada. Na madai ya awali kuwa ni dini iliyofichwa tangu kale bila kukatika, mwanahistoria Ronald Hutton aliyachambua kwa haki mwaka 1999 na kuonyesha upya wake. Ibada ya Mioto Mitakatifu ya Hekate, ambayo waumini huitenda kwa mwezi mpevu wa Mei wakiwa katika nchi mbalimbali, ilianza mwaka 2010 kwa juhudi ya mwandishi Sorita d'Este. Walio bora miongoni mwao hawayafichi haya. Huambizana waziwazi kwamba hili latoka kwa Hesiod, hili kwa Aristophanes, na hili tumelitunga sisi. Na fundi anayekionyesha kiraka chake alipokitia ni mwaminifu kuliko anayeuza nguo kuukuu kwa jina la mpya, au mpya kwa jina la kuukuu. Kushika vipande vilivyosalia vya ibada ya watu waliokufa, kuvisoma kwa bidii, na kuvirudishia mwendo kila mwezi bila kusema uongo juu ya mahali palipopotea, ni kazi ngumu kuliko kurithi kitu kizima.

Kwa hiyo nasema kuwa thamani ya kazi hii haitegemei kama Hekate anaisikia au haisikii; hilo ni baina ya waumini wake na imani yao. Yaonekana katika mambo ambayo hata asiyeamini aweza kuyahesabu: nyumba iliyofagiliwa mpaka kizingitini, deni lililolipwa kwa wakati wake, mwenye njaa aliyepata mkate, sumu iliyojulikana kwa jina lake, na historia iliyosemwa kwa ukweli. Dini nyingi zenye majumba makubwa zingeshukuru kupata matunda hayo kwa wafuasi wao kila mwezi. Watu hawa huyatoa katika vyumba vya kupanga, bila mshahara na mara nyingi bila ya kueleweka na jamaa zao. Nami nawaita mafundi, kwa maana kamili ya jina hilo, na natamani kila mmoja wetu, katika dini yake mwenyewe, amtumikie Mola wake kwa mikono iliyo hodari kiasi hicho.