Mtu na Mandhari: Hoja ya Upeo katika Picha Mbili za Millet

Aghalabu wahakiki wetu wa fasihi huichukulia mandhari kuwa pazia la nyuma. Hutajwa katika aya moja, kisha uhakiki ukahamia kwa wahusika, ambako maana yote hudhaniwa kukaa. Makala haya yanadai kwamba mtazamo huo unaifanya mandhari kuwa bubu. Ushahidi tunauazima kutoka sanaa jirani, yaani uchoraji wa rangi za mafuta, ambako mtu na shamba huumbwa kwa brashi moja.

Tuchukue kazi mbili za Mfaransa Jean-François Millet (1814-1875): Mpanzi (1850), iliyoko Boston, na Waokota Masuke (1857), iliyoko katika Musée d'Orsay, Paris. Zote mbili zinahusu watu wa shamba, na katika zote nyuso zimefichika. Uso wa mpanzi umo kivulini mwa kofia. Za wanawake watatu zimeielekea ardhi. Mhakiki aliyezoea kuisaka maana katika nafsi ya mhusika hana pa kushika. Hata hivyo, picha hizi hazisemi jambo moja.

Tofauti imo katika mstari wa upeo wa macho. Turubai ya Mpanzi imesimama wima, na kiwiliwili cha mtu kinaukata mteremko wa kilima hadi angani. Turubai ya Waokota Masuke imelala, na upeo umepandishwa juu. Wanawake wawili walioinama hawaufikii. Wa tatu, aliyejiinua nusu, anaukaribia tu. Nyuma yao, penye mwanga, yamerundikwa mavuno, na msimamizi amepanda farasi. Mavuno yako mbali, masazo yako miguuni. Kahawia ya ardhi nayo inarudi katika ngozi na mavazi yao, kana kwamba shamba limeanza kuwameza.

Yawezekana mtu akapinga kwamba hiyo ni fani tu, na kwamba maudhui ni umaskini. Pingamizi hili halitoshi. Baadhi ya wahakiki wa 1857, miaka 9 tu baada ya mapinduzi ya 1848, waliiona picha hii kuwa tishio, ilhali hamna ndani yake ngumi iliyoinuliwa wala neno la malalamiko. Shtaka limo katika mpangilio wenyewe: nani yuko karibu na mwanga, nani amezuiwa chini ya upeo. Ukiwasimamisha wanawake hao dhidi ya anga, kama mpanzi, umaskini utabaki lakini shtaka litatoweka.

Hatuna budi, basi, kuisoma upya mandhari ya riwaya zetu za kijijini. Haitoshi kuuliza mhusika anawaza nini. Sharti tuulize pia shamba limemruhusu kusimama hadi wapi.