Maji Bila Pampu: Jinsi Chemchemi za Villa d'Este Zilivyotengenezwa

Villa d'Este iko Tivoli, mji wa kilimani ulio kilomita 30 hivi mashariki mwa Roma. Bustani yake ya hekta 4.5 ina chemchemi 51, maporomoko madogo 64 na mabirika 220, pamoja na mamia ya midomo inayorusha au kumwaga maji. Waongoza watalii hupenda kuzitaja hesabu hizo. Wanaosikiliza hustaajabu, lakini hesabu peke yake haielezi kitu. La kuchunguza ni namna mafundi wa karne ya 16 walivyoyafanya maji yote hayo yaruke, yaimbe na kunguruma bila pampu, kwa kutumia mteremko tu.

Mwenye kazi alikuwa Kardinali Ippolito II d'Este, mtoto wa Lucrezia Borgia na Alfonso I, mtawala wa Ferrara. Aliutaka upapa akaukosa, na mwaka 1550 Papa Julius III akampa ugavana wa Tivoli. Makazi aliyopewa yalikuwa nyumba ya zamani ya watawa Wabenedikti, imekaa ukingoni mwa kilima, na chini yake bonde lenye nyumba za watu na mashamba ya mizabibu. Nyumba zikabomolewa, udongo ukahamishwa, kuta kubwa za kuzuia ardhi zikajengwa, na wenyeji kadhaa wakaenda mahakamani kumdai kardinali haki yao. Ubunifu alipewa Pirro Ligorio, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekuwa akichimba na kuchunguza magofu ya kasri la Kaizari Hadrian, jirani kabisa na hapo. Sanamu na marumaru nyingi zilizopamba bustani zilitoka kwenye magofu hayo.

Kabla ya chemchemi yoyote, kulikuwa na suala la kuyafikisha maji juu ya bustani. Vyanzo vilikuwa viwili. Cha kwanza ni chemchemi ya asili ya Rivellese, ambayo maji yake yalijengewa mfereji na kuhifadhiwa katika tangi lililojengwa chini ya ua wa kasri la kardinali. Yalikuwa maji safi, ila hayakutosha. Cha pili ni mto Aniene, ambao hupita Tivoli na kuanguka bondeni kwa maporomoko yaliyosifika tangu enzi za Warumi. Mafundi waliuchepusha mto huo kabla haujaanguka, wakachimba njia ya chini kwa chini ya mita 600 hivi kupita chini ya mji wenyewe, hadi kwenye kona ya juu ya bustani upande wa kaskazini-mashariki. Njia hiyo huweza kuleta hadi lita 300 kwa sekunde. Watalii hawaioni, nayo ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizofanywa pale.

Sababu ya kupita chini ya mji ni ya kihandisi. Mto ukishaanguka, kimo chake kimepotea, na kimo ndicho nishati. Mfereji unaoanzia juu ya maporomoko na kushuka taratibu sana huyafikisha maji yakiwa bado karibu na kimo cha mwanzo. Kila mita 10 za mwinuko huipa safu ya maji presha inayokaribia ile ya angahewa. Maji yakiachiwa kupitia tundu lililo mita 10 chini ya uso wa tangi, hutoka kwa kasi ya mita 14 hivi kwa sekunde, na bila hasara yoyote yangeruka kurudi kimo kilekile yalikotoka. Hasara ipo lakini: msuguano ndani ya bomba, kona, upana usiolingana, na hewa inayoyakinza yakiwa juu. Kwa mtiririko wa lita 300 kwa sekunde, kila mita 10 za mteremko ni kama kilowati 29. Hesabu hizi ni za baadaye. Mwanasayansi Torricelli alichapisha kanuni ya kasi ya maji yanayotoka tunduni mwaka 1644. Mafundi wa Tivoli walikuwa na jicho, pimamaji na mazoea ya kazi.

Maji ya mto huanza kazi yake kwenye Ovato, chemchemi yenye umbo la yai iliyo karibu na mahali mfereji unapotokeza. Juu yake kumejengwa mlima wa mawe wenye sanamu ya nabii wa kike wa Tivoli, na maji humwagika kutoka ukingoni kama pazia mbele ya njia iliyofunikwa, ili mgeni apite nyuma yake bila kulowa. Kwa macho ni pambo. Kwa kazi ni kituo cha mgawanyo: maji hufika, hutulia, kisha hugawiwa kuelekea sehemu nyingine za bustani. Curzio Maccarone ndiye aliyeisimamia chemchemi hii, na upande wa mifumo ya maji kwa jumla hutajwa jina la Tommaso Ghinucci wa Siena, ambaye baadaye alifanya kazi kama hiyo kwenye Villa Lante kule Bagnaia.

Kutoka Ovato, sehemu ya maji huingia kwenye Viale delle Cento Fontane, njia ya takribani mita 100 inayokatiza mteremko. Kando yake kuna mifereji mitatu iliyopangwa ngazi kwa ngazi. Safu ya juu ina tai wa ukoo wa Este, maua ya yungiyungi, mashua na minara midogo iliyochongwa, katikati yake maji yakirushwa. Ya chini ina vichwa vya wanyama vinavyotema maji. Ugumu wa ubunifu huu uko kwenye usawa. Midomo mingi ikipangwa kwenye bomba moja refu lililofungwa, msuguano huila presha kidogo kidogo, na mdomo wa mwisho hutoa maji dhaifu kuliko wa kwanza. Mfereji wa wazi ulio karibu sawa haubebi tatizo hilo, kwa kuwa uso wa maji huwa na kimo kimoja mwanzo hadi mwisho na kila kichwa cha mnyama hupata haki sawa na jirani yake. Aidha, maji yaleyale hufanya kazi zaidi ya mara moja: yaliyorushwa juu huangukia mfereji wa kati, na kutoka hapo hutemwa tena kuelekea wa chini.

Mwisho wa njia hiyo kuna Rometta, Roma ndogo yenye mahekalu ya kuigiza na mashua ya mawe badala ya kisiwa cha mto Tiber. Inawafurahisha wapenda historia, lakini kwa maji haina jipya. Chemchemi ya Majoka ni habari nyingine. Imekaa kwenye mhimili mkuu wa bustani, chini ya terasi kadhaa, ngazi mbili zilizopinda zikiizunguka, na mrusho wa katikati huruka juu kwa nguvu kutoka birikani. Nguvu hiyo inatokana na mahali ilipowekwa: bomba linaloilisha limeshuka vya kutosha. Katika bustani nzima kanuni ndiyo hiyo, kwamba mirusho mirefu iko chini na mapazia yako juu ambako presha ni ndogo. Inasimuliwa kwamba chemchemi hii ilijengwa usiku mmoja kumlaki Papa Gregory XIII mwaka 1572, kwani joka lilikuwa alama ya ukoo wake. Hadithi hiyo haiaminiki. Hakuna ukuta wa namna ile unaokauka kwa usiku mmoja.

Kazi ya ustadi zaidi ni Fontana dell'Organo, kinanda kinachopigwa na maji. Kilianza kujengwa 1566 na Mfaransa Luc Leclerc, kikamaliziwa na mwenzake Claude Venard mwaka 1571. Kinanda chochote cha filimbi huhitaji vitu viwili: upepo usiokatika na mkono wa kubonyeza vibao. Hapa vyote viwili vilitolewa na maji.

Upepo ulipatikana hivi. Maji yaliangushwa ndani ya bomba la wima, na katika kuanguka yakavuta hewa na kuchanganyika nayo. Mchanganyiko huo uliingia kwenye chumba kilichozibwa, ambamo maji yalipiga chini na kuachana na hewa. Maji yakatoka kwa tundu la chini ambalo lenyewe lilikuwa limezama, kwa hiyo hewa haikuweza kupita hapo. Ikabaki njia moja tu, bomba la juu linalokwenda kwenye filimbi. Mambo yote yalitegemea kipimo cha tundu la kutolea maji. Likiwa kubwa kupita kiasi, chumba hukauka na hewa hutoroka. Likiwa dogo, maji hupanda hadi kwenye filimbi. Mkono wa kubonyeza ulikuwa pipa lililochomekwa vijiti, likizungushwa na gurudumu la maji. Kijiti kikifika kwenye kibao chake hukisukuma, filimbi hufunguka, sauti hutoka. Mpangilio wa vijiti ndio wimbo wenyewe, na kwa hiyo kinanda kilirudia kilekile kila mara, jambo ambalo mwandishi Montaigne hakuacha kulitaja alipopita Tivoli mwaka 1581.

Montaigne aliandika pia kuhusu ndege wanaoimba mpaka bundi anapojitokeza, wakanyamaza ghafla. Hiyo ni Chemchemi ya Bundi, nayo wazo lake ni la kale: Heron wa Alexandria alieleza kifaa cha namna hiyo miaka 1,500 hivi kabla. Maji yanayojaza chombo kilichozibwa huisukuma hewa nje kupitia vifilimbi, na kifilimbi kikichovya ncha yake majini sauti hutetemeka kama ya ndege. Chombo kikijaa, mrija uliopinda huyanyonya maji yote kwa mara moja. Uzito wao huvuta kamba inayomgeuza bundi, na hewa inapokoma kusukumwa ndege hukosa pumzi. Mzunguko ukiisha, huanza upya.

Mgeni wa kardinali aliingia kwa lango la chini na kupanda, akikutana na mabwawa ya samaki, na kasri likiwa juu kabisa mbele yake. Mtalii wa leo huingia kupitia kasri na kushuka pamoja na maji, ambayo kwa mtu wa ufundi ndiyo njia bora. Picha inayopigwa zaidi, ile ya maji mengi yanayoporomoka chini ya kinanda, si ya karne ya 16. Mchongaji Bernini aliweka poromoko hapo mwanzoni mwa miaka ya 1660, likaharibika, na Chemchemi ya Neptune inayoonekana sasa ni ya mwaka 1927.

Adui mkubwa wa mfumo huu ni maji yenyewe. Tivoli ni nchi ya mawe ya travatini, na maji yake yana chokaa inayoganda kwenye kila kinachoguswa: hufunika nyuso za sanamu, huziba midomo, hupunguza upana wa mabomba. Bomba likipungua upana, msuguano huongezeka na mrusho hufupika. Bustani ilipokosa fedha katika karne ya 18, sanamu nyingi ziliuzwa na vyombo vya sauti vikafa vyote. Kardinali Gustav von Hohenlohe alianza kuifufua katikati ya karne ya 19, na serikali ya Italia ikaendelea na kazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Bundi alitengenezwa upya mwanzoni mwa karne hii, na mwaka 2003 kinanda kikapata mtambo mpya wa filimbi unaoendeshwa kwa maji kama ule wa kwanza, ukipigwa kwa ratiba mchana kutwa.