NANI ANAMLIPA MPELELEZI?
Siri na maisha ya kificho katika riwaya tatu za taharuki

Riwaya ya upelelezi tuliyokulia nayo ina kanuni moja ambayo haijaandikwa popote: mwenye siri ndiye mwenye hatia. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anavuta kiko chake, anasikiliza, anaona kile ambacho wenzake wamekipita, na mwishoni anatufumbulia fumbo. Tangu "Mzimu wa Watu wa Kale" ya 1960 msomaji wa Kiswahili ameizoea raha hiyo. Pazia linafunguliwa, mwovu anaonekana, sisi tunafunga kitabu na kulala usingizi mnono.

Sina ugomvi na Bwana Msa. Ugomvi wangu ni na sisi vijana tunaojifunza kuandika, tulioichukua kanuni hiyo nzima nzima bila kuihoji. Tazama hadithi tunazopeana kusoma. Mtu akifungia sanduku lake, basi mna bangi au bunduki. Msichana akipokea barua asiyotaka mamaake aione, basi ukurasa wa mwisho atalia. Siri kwetu imekuwa kengele ya kumwambia msomaji: "Huyu hapa, mkamate!"

Leo nataka kuibishia kanuni hiyo kwa riwaya tatu za Kiingereza, mbili za Marekani na moja ya Uingereza. Zote ni za taharuki, na katika zote kiini ni wanawake wanaowapenda wanawake wenzao na kulazimika kulificha jambo hilo. Najua yupo msomaji atakayetaka kufunga jarida hapa hapa. Mtaani watu hawa wana majina yao, na hakuna hata moja la heshima, mimi sitayatumia. Ninachoomba ni tuzisome riwaya hizi kama mafundi wanavyofungua injini ya mwenzao. Maana swali zinalouliza linatuhusu sote tunaoshika kalamu: mpelelezi anapofukua siri ya mtu, nani amemlipa?

Anayefuatwa

Patricia Highsmith alikuwa tayari ana jina. Riwaya yake ya kwanza, "Strangers on a Train", ilitoka 1950, na mwaka uliofuata Alfred Hitchcock akaitoa kama filamu. Kitabu cha pili kilipokataliwa na mchapishaji wake, alikipeleka kwingine, kikatoka 1952 kwa jina la uongo, Claire Morgan. Kiliitwa "The Price of Salt", yaani bei ya chumvi. Hakukitia jina lake halisi mpaka 1990, kilipochapishwa upya Uingereza kwa jina la "Carol". Hesabu mwenyewe: miaka thelathini na minane. Kitabu kinachosimulia siri kilikuwa siri chenyewe.

Kisa chake kwa mtazamo wa haraka si cha upelelezi kabisa. Therese, msichana wa miaka kumi na tisa anayeota kubuni mandhari ya jukwaa la maigizo, anauza wanasesere katika duka kubwa la New York wakati wa Krismasi. Anakuja mteja, Carol, mke wa mtu aliye katikati ya kesi ya talaka, anayemnunulia bintiye zawadi. Wanapendana. Wanaingia garini na kuelekea magharibi, mji baada ya mji, hoteli baada ya hoteli.

Kumbe nyuma yao iko gari nyingine.

Mpelelezi huyu amekodiwa na mume wa Carol. Ana kinasa sauti. Anachokitafuta ni ushahidi wa kupeleka mahakamani ili Carol anyang'anywe mtoto. Jamani, tazameni Highsmith alivyoigeuza meza! Mpelelezi ni yule yule tuliyezoea kumshangilia: ni mvumilivu, ana macho, hakati tamaa. Lakini safari hii sisi tumekaa ndani ya gari inayofuatwa, na kila anapokaribia ukweli tumbo linatukata. Ukweli anaoufukua ni ukweli kweli, hakuna anachosingizia. Hata hivyo kuufukua kwake ndiko uovu wenyewe wa hadithi.

Kifundi, siri ya Highsmith iko kwenye mtazamo. Kitabu kizima tunaona kwa macho ya Therese peke yake. Mpelelezi hapewi sura yake, mawazo yake, wala mazungumzo yake na aliyemtuma. Tunakutana na mtu yule yule mahali asipotarajiwa, basi. Mwandishi mchanga angetupeleka ofisini kwa mpelelezi tukamwone akipokea noti. Highsmith anatunyima, na kwa kutunyima anatutisha zaidi.

Tusisahau kilichokuwa nje ya kitabu. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri iliyotumika kuwafukuza watumishi wa serikali waliogunduliwa kuwa na mapenzi ya jinsia moja. Watu walichunguzwa, wakatajwa, wakapoteza mkate wao. Mtu aliyesoma "The Price of Salt" akiwa amekificha kitabu chini ya mto hakuhitaji kuelezwa hofu ya gari inayofuata nyuma.

Anayefuata

Riwaya ya pili inampandisha mwenye siri upande wa pili wa meza. "Amateur City" ya Katherine V. Forrest ilitoka 1984 kwa Naiad Press, kampuni ndogo ya wanawake waliochapisha wenyewe vitabu ambavyo kampuni kubwa hazikuvitaka. (Wale wenzangu wanaosubiri barua kutoka kwa wachapishaji, someni sentensi hiyo mara mbili.) Mpelelezi ni Kate Delafield wa polisi ya Los Angeles, mwanamke aliyepita jeshini. Bosi mmoja asiyependwa ameuawa katika jumba la ofisi, na Kate anawahoji wafanyakazi mmoja mmoja.

Utamu uko hapa: kila anayekaa mbele ya Kate anaulizwa ulikuwa wapi, na nani, mnahusiana vipi. Maswali hayo hayo, Kate mwenyewe hawezi kuyajibu mbele ya wenzake. Mwenzi wake wa miaka mingi amekufa kwa ajali ya gari, na ofisini hawezi kuomboleza kama mjane, maana hakuna aliyejua kwamba alikuwa na mtu. Msiba wa kificho! Nimesoma vifo vingi katika riwaya za upelelezi, na vingi vimepita kama basi lisilosimama kituoni. Hiki, ambacho si hata kifo kinachopelelezwa, ndicho kilichonibakia.

Katika "Murder at the Nightwood Bar" ya 1987 Forrest anaubana mkono zaidi. Msichana ameuawa nje ya baa ya wanawake hawa, na Kate anaingia na beji yake. Wanawake wa baa hawaipendi polisi na wana sababu. Baadhi wanamtambua Kate kwa kumtazama tu. Wenzake wa kazini hawamtambui. Yuko kati ya makundi mawili, na kila kundi lina nusu yake.

Jambo la kuliangalia: sheria ya California iliyokuwa ikiwaadhibu watu kama Kate ilibadilishwa 1975. Kwa karatasi, siri yake haikuwa kosa tena. Lakini katika riwaya bado anaificha, kwa sababu karatasi ya sheria hukauka wino mapema kuliko midomo ya kazini inavyofunga. Mwandishi anayetaka taharuki asitafute mahakama peke yake. Mezani pa chai panatosha.

Sasa nimkosoe. Marehemu wa "Amateur City" ni mbaya mno, kiasi kwamba kila mfanyakazi ana sababu ya kumuua. Ni hila ya zamani na inanuka uzamani. Pia uhusiano unaoanza kati ya Kate na shahidi wake, Ellen, unapita kirahisi mno. Askari na shahidi! Kitabu kinachojua hivyo uzito wa mamlaka kingepaswa kusimama hapo na kuuliza. Hakisimami.

Anayesoma

Ya tatu ndiyo kiboko. "Fingersmith" ya Sarah Waters ilitoka 2002, ikafika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker, na mwaka huo huo ikapata tuzo ya waandishi wa riwaya za uhalifu wa Uingereza kwa riwaya ya kihistoria. Mwaka 2016 mwongozaji Park Chan-wook aliigeuza kuwa filamu na kuihamishia Korea ya enzi za utawala wa Wajapani.

Tuko London ya miaka ya 1860, mtaa wa wezi. Sue, yatima aliyelelewa na Bi Sucksby, hajui kusoma wala kuandika. Tapeli mmoja wanayemwita Gentleman anamletea dili: akajifanye mtumishi wa Maud, binti tajiri anayeishi na mjomba wake kwenye jumba la shamba, amsaidie tapeli amwoe Maud, kisha Maud atupwe hospitali ya wendawazimu na mali igawanywe. Kwa Uingereza ya enzi hiyo mpango huu si ndoto. Mpaka sheria ya 1882, mali ya mwanamke akiolewa kwa kawaida iliangukia mikononi mwa mumewe. Ndoa ilikuwa njia halali kabisa ya wizi.

Halafu Sue, mwizi, anampenda anayekwenda kumwibia. Kuna tukio moja dogo: jino la Maud lina ncha inayomkera, na Sue analisugua kwa subana, ile kofia ya kidole ya fundi wa nguo. Hakuna kinachotokea, na kila kitu kimetokea.

Mpelelezi yuko wapi humu? Hayupo. Mpelelezi ni mimi na wewe tunaosoma. Tunajua siri ya Sue tangu mwanzo, tunajiona wajanja, tunamhurumia Maud asiyejua kitu. Mwisho wa sehemu ya kwanza Waters anatupiga kofi ambalo sitalieleza, kwa sababu kukueleza ni kukuibia. Nitasema tu kwamba sehemu ya pili inaturudisha kwenye siku zile zile kwa mdomo wa Maud, na kila tulichodhani tumekiona kinabadilika maana. Glavu, kicheko, ukimya wa mezani: vyote vilikuwa mbele yetu. Tulivisoma kama Sue anavyoitazama barua, yaani tuliona wino tu.

Mtu atasema, si ni mchezo wa kushtua tu? Ningekubali kama mshtuko ungeishia kwenye mshtuko. Lakini hapa mshtuko unatuaibisha: tulimdhania Maud kuwa mjinga kwa kuwa kimya. Ni kweli kuelekea mwisho mambo ya kuzaliwa na wosia yanajazana mpaka yanataka kupasua mshono, na mtu mwenye haraka atachoka. Mimi nilivumilia, na sijutii.

Mwisho unaandikwa na nani?

Liko jambo moja la kuondoka nalo. Mwaka ule ule wa 1952 Marijane Meaker, kwa jina la Vin Packer, alitoa "Spring Fire", kisa cha wasichana wawili wa chuo wapendanao. Mhariri wake alimwambia wazi kwamba kitabu hakiwezi kuisha kwa heri, maana maofisa wa posta wangeweza kuzuia kisisafirishwe. Basi mmoja akapelekwa kwenye wazimu na mwingine akagundua kwamba hakumpenda. Kitabu kiliuzwa sana, lakini mwisho wake uliamuliwa na posta.

Highsmith alikataa. Carol anampoteza mtoto, na Highsmith hapunguzi uchungu huo hata kidogo. Lakini ukurasa wa mwisho hakuna aliyekufa wala aliyetubu, na wawili wale wana mlango ulioachwa wazi. Kwa mwaka ule lilikuwa jambo la kutikisa nchi kuliko maiti kumi.

Sasa turudi kwetu. Nani posta yetu? Katika hadithi zetu msichana aliyekimbilia mjini lazima afe kwa ugonjwa au arudi kijijini akilia. Kijana aliyekataa kazi ya babaake lazima aishie jela. Tunaandika hivyo kabla hata hatujawajua vizuri watu wetu, kwa kuogopa mwalimu, mchapishaji, shangazi atakayesoma. Halafu tunaita funzo.

Nashauri tujaribu hivi. Mhusika wako akiwa na siri, usimkimbilie na pingu. Muulize kwanza inamlinda nani. Muulize anayeifukua amelipwa na nani, na atapata nini ikifichuka. Ukipata majibu hayo, taharuki itakuja yenyewe bila bastola, na huenda ukajikuta umekaa ndani ya gari ya mbele, ukimwombea mtu uliyekusudia kumhukumu. Hapo ndipo riwaya inapoanza.

Haya, kalamu ni zenu. Anayebisha aandike, kurasa zipo.