Sinema ya Jamaa Iliyoimba

Sinema iitwayo The Sound of Music, iliyotolewa mwaka 1965, ingali inapendwa katika nyumba nyingi za Wakristo, na kwa haki. Mwongozaji wake, Robert Wise, atuonyesha Kapteni Georg von Trapp wa Austria, tajiri aliyefiwa na mke, ambaye huwaita watoto wake saba kwa filimbi kama askari. Anakuja Maria, mpostulanti wa abasia ya Nonnberg, na wimbo unaiamsha nyumba ile. Nani asiyefurahi?

Lakini sinema hii imeficha jambo kubwa. Aitazamaye huondoka akisadiki ya kwamba jamaa ile iliimba kwa kuwa ilishiba: nyumba kubwa, ziwa, watumishi. Wimbo wageuka pambo la matajiri.

Mambo yenyewe hayakuwa hivyo. Arusi yao, ambayo sinema yaisogeza hadi siku za Hitler kuitwaa Austria mwaka 1938, ilifanyika mwaka 1927. Katika miaka ya 1930 benki waliyowekea mali yao ilianguka, fedha zikapotea. Wakawaachisha watumishi wengi, wakapangisha vyumba, na nyimbo walizoziimba kwa kujifurahisha zikawa kazi ya kuwalisha. Aliyewafundisha kuimba vema alikuwa Padre Franz Wasner, aliyekaa nao na kuwasomea Misa. Katika sinema padre huyo hayupo. Mahali pake yuko Max, mwenye kuandaa maonyesho na kutafuta faida.

Hapo ndipo ninapoilaumu. Sisi wa Kolwezi tungalifaidiwa na ukweli kuliko pambo. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, na katika miaka iliyofuata, nyumba nyingi zilizozoea mshahara wa shaba zilionja umaskini. Nyingine zilivunjika. Nyingine zilisimama, kwa kuwa baba na mama waliendelea kusali na watoto wao kila jioni. Padre Placide Tempels, alipowakusanya waume na wake katika Jamaa hapa kwetu miaka ya 1950, alijua ya kwamba nyumba hujengwa kwa mapendo kabla ya matofali.

Basi, itazameni sinema hii pamoja na watoto wenu, kisha waelezeni yaliyoachwa: mali iliondoka, wimbo ukabaki. Tena msingoje bei ya kobalti ipande ndipo muimbe. Anzeni jioni ya leo.