Deni la Usumba

Ukifika Jambiani, mashariki ya Unguja, maji yakiwa yametoka, utawaona kinamama wameinama pwani wakifukua mashimo. Humo waliyafukia makumbi ya nazi, wakayagandamiza kwa mawe yasichukuliwe na maji, wakayaacha miezi kadhaa yaoze. Yakitolewa, harufu yake humfukuza mgeni. Wao hubaki: saa ya kazi huipanga bahari, na maji yakijaa, shimo limefungwa mpaka kesho.

Kisha huanza kupiga. Kumbi moja moja hulazwa juu ya jiwe na kupondwa kwa gongo mpaka zibaki nyuzi tupu, ndizo usumba. Huoshwa, huanikwa, husokotwa viganjani, uzi juu ya uzi, mpaka ipatikane kamba. Nilimwamkia bibi mmoja shikamoo, akanipa mkono: kiganja chake kigumu kama kumbi lenyewe.

Mitepe, vyombo vya bahari vya zamani, ilishonwa kwa kamba hizi, bila msumari. Hata leo zipo paa za makuti zinazofungwa kwazo, na vitanda vinavyowambwa kwazo. Tunalala tukisikia mvua juu, wala hatuulizi ni nani aliyeinama matopeni.