Senta wa mita 1.98: jinsi Kyle Hines alivyotawala chini ya kikapu Ulaya

Kati ya mwaka 2012 na 2019, Mmarekani Kyle Hines alitwaa ubingwa wa EuroLeague mara 4: mara 2 akiwa na Olympiacos ya Piraeus, 2012 na 2013, kisha mara 2 na CSKA ya Moscow, 2016 na 2019. Kote huko alicheza senta, nafasi ambayo klabu za Ulaya huwapa watu wa mita 2.08 na kuendelea. Yeye ana mita 1.98. Kwao Marekani kimo hicho ni cha fowadi, na wala si fowadi mrefu.

Ukiuliza aliwezaje, jibu linalokuja haraka ni moyo: anajituma, hachoki, anautaka mpira kuliko wengine. Jibu hilo linamnyima haki yake. Wachezaji wafupi wenye moyo ni wengi, na kila wiki wanapigwa danki kichwani. Hines alikuwa na ufundi, na ufundi huo unaweza kuonekana na kuelezwa hatua kwa hatua. Kiini chake ni kuwahi. Mpira ulipofika mahali pa hatari, yeye alikuwa ameshamaliza nusu ya kazi.

Alizaliwa mwaka 1986 na kukulia Sicklerville, New Jersey. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Greensboro, kati ya 2004 na 2008, alipita pointi 2,000, ribaundi 1,000 na bloku 300. Orodha ya waliofikisha vyote vitatu katika mpira wa vyuo vya Marekani ni fupi mno, na ndani yake wamo David Robinson, Alonzo Mourning na Tim Duncan. Hata hivyo drafti ya NBA ya 2008 ilikwisha bila jina lake kutajwa. Mwaka uliofuata Mtanzania wetu Hasheem Thabeet, mwenye mita 2.21, akachaguliwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Thabeet alistahili kutazamwa, kwani alikuwa mlinzi bora wa kanda yake ya vyuo, Big East, miaka 2 mfululizo. Lakini drafti hizo mbili ukiziweka pamoja zinakuonyesha bei ya sentimita moja katika soko la wakati ule.

Hines akaenda Veroli, mji mdogo wa vilimani katika mkoa wa Frosinone, nchini Italia, akacheza daraja la pili kwa misimu 2. Ligi nyingi za nchi za Ulaya zina kikomo cha wachezaji wa kigeni, kwa hiyo klabu inayotoa nafasi hiyo adimu kwa Mmarekani hutaka irudishiwe kwa pointi. Hines alizifunga. Ila klabu kubwa zilizomtafuta baadaye zilikuwa na shida nyingine: ulinzi.

Mwaka 2010 alihamia Brose Baskets ya Bamberg, Ujerumani. Wakatwaa ligi na kombe, yeye akawa mchezaji bora wa fainali za ligi, na hapo ndipo alipocheza EuroLeague kwa mara ya kwanza. Msimu huohuo sheria za uwanja zilibadilika. FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, ilisogeza mstari wa pointi tatu kutoka mita 6.25 hadi 6.75, na eneo la sekunde tatu, ambalo zamani lilitanuka kuelekea mstari wa mwisho, likawa mstatili. Badiliko la pili liliwanufaisha masenta warefu, maana sasa waliweza kusimama karibu zaidi na kikapu. La kwanza liliwaumiza: uwanja ulipanuka, watupaji wakarudi nyuma, na senta akawa na ardhi kubwa zaidi ya kulinda. Tangu siku hiyo, senta mzito asiyeweza kutoka chini ya ringi alikuwa na deni.

Tuanze na kazi yake karibu na kikapu, kwa sababu hapo ndipo kila kocha alidhani atamvunja. Senta mrefu anapotaka kupokea mpira huku mgongo wake ukiwa kwa kikapu, kuna sekunde 2 au 3 ambazo mtazamaji hazioni. Macho yake yako kwa gadi mwenye mpira. Sekunde hizo ndizo Hines alizozichuma. Alimkuta mpinzani akiwa bado anakimbia kwenda mahali pake, akaingiza paja na nyonga chini ya nyonga zake, akamsimamisha hatua moja nje ya alipokusudia. Mtu mrefu kiuno chake kiko juu. Akisukumwa kutoka chini hana pa kujishikiza. Mpira ulipofika, mpokeaji alikuwa mita 4 kutoka kikapuni badala ya 2, na kutoka huko urefu pekee haumalizi kazi. Ni lazima adunde mpira ili asogee, na mpira unaodundwa hushuka hadi usawa wa mikono ya beki. Mikono ya Hines ni mirefu kuliko kimo chake kinavyoahidi, na ina nguvu.

Alipochelewa kumzuia, alizunguka na kusimama mbele yake, kati ya senta na mpira. Katika NBA hilo ni jambo la hatari, kwani beki wa msaada haruhusiwi kukaa eneo la chini zaidi ya sekunde 3 kama hamkabi mtu, na pasi ya juu inaweza kumkuta senta akiwa peke yake na ringi. Sheria za FIBA hazina katazo hilo. Mwenzake Hines angeweza kukaa palepale nyuma akiingojea pasi hiyo ya juu. Naona watu hulisahau hili wanapouliza kwa nini NBA haikumchukua: alikuwa mtu sahihi kwa sheria za upande ule wa bahari.

Lakini kilichomfanya awe wa kipekee kilikuwa mbali na kikapu. Mashambulizi mengi ya Ulaya huanzia kwenye skrini. Senta anasimama njiani, beki anayemkaba gadi anagongana naye, gadi anapita, na kwa nusu sekunde washambuliaji wawili wana beki mmoja mbele yao. Nusu sekunde hiyo ilitosha kwa Juan Carlos Navarro wa Barcelona au Sergio Llull wa Real Madrid kukuumiza. Senta wa ulinzi akibaki nyuma kulinda kikapu, gadi anatupa akiwa huru. Akiruka mbele kumzuia gadi kisha arudi mbio, kwa muda huo wenzake watatu wanakaba wanne, na pasi mbili za haraka zinampata mtupaji kwenye kona. Njia ya tatu ni kubadilishana: senta anamchukua gadi moja kwa moja, beki wa gadi anabaki na senta. Hapo faida ya skrini inakufa papo hapo. Makocha waliijua njia hiyo tangu zamani. Waliogopa kuitumia kwa sababu masenta wao hawakuweza kukaa mbele ya gadi kwa sekunde 5 bila kupitwa au kufanya faulo.

Hines aliweza, na namna yake inafaa kufundishwa. Hakuufuata mpira. Alishusha makalio, akasimama umbali wa mkono mmoja, mguu mmoja ukiwa mbele kidogo kumsukumia gadi upande wenye msaada. Kudanganywa kwa mabega hakukumtikisa, kwa kuwa macho yake yalikuwa kifuani na kiunoni mwa gadi. Akiacha kitu, anaacha mtupo mrefu wa pointi mbili, ule ambao kila kocha wa ulinzi anauombea. Na hakuruka kwanza. Alingoja miguu ya mtupaji iachane na sakafu, ndipo akanyoosha mkono, kwa hiyo faulo za kizembe zilikuwa chache. Saa ya sekunde 24 ikibaki na 7 au 8, mbinu hiyo inakuwa kifungo, kwani gadi hana muda wa kuita skrini nyingine na mbele yake yupo mtu wa kilo zaidi ya 100 ambaye miguu yake haichelewi.

Ugumu wa kubadilishana uko upande wa pili. Gadi wa timu yako amebaki na senta wa mita 2.13 chini ya kikapu, na timu pinzani inajua. Fowadi anayelinda upande usio na mpira anakimbia kumtoa yule mdogo, anamchukua senta, na mdogo anaenda kona kumkaba mtu wa fowadi. Hayo yote hufanyika pasi moja kabla mpira haujashuka. Timu haiwezi kuyafanya kimya kimya. Lazima mtu mmoja aone skrini kabla haijawekwa na kuitangaza kwa sauti, na katika timu zake kazi hiyo ilikuwa ya Hines.

Fainali ya 2012 mjini Istanbul inaonyesha thamani ya ulinzi wa aina hiyo kwa timu nzima. CSKA, wenye Andrei Kirilenko, Nenad Krstić na Miloš Teodosić, waliongoza Olympiacos ya Hines na kocha Dušan Ivković 53-34 katika robo ya tatu. Kuanzia hapo hadi mwisho walipata pointi 8 tu. Vassilis Spanoulis akampasia Georgios Printezis, mtupo ukaingia ikiwa imebaki chini ya sekunde moja, 62-61. Watu hukumbuka mtupo. Mimi nazitazama zaidi zile pointi 8. Mwaka uliofuata mjini London Olympiacos, sasa chini ya Georgios Bartzokas, waliwafunga tena CSKA, 69-52 katika nusu fainali, wakaishinda Real Madrid 100-88 katika fainali baada ya kumaliza robo ya kwanza nyuma kwa 27-10. Kiangazi hicho CSKA wakamsajili Hines. Walikuwa wameshalipia somo mara mbili.

Moscow alikaa misimu 7, mingi ikiwa chini ya kocha Dimitris Itoudis, na hapo upande wake wa ushambuliaji ulikomaa. Hakuwa mfungaji mkubwa. Wastani wake wa EuroLeague kwa miaka yote haukufika pointi 10 kwa mchezo. Thamani yake ilikuwa kwenye pasi. Mabeki wawili walipomfuata Teodosić au Nando De Colo baada ya skrini, Hines hakukimbia hadi chini ya ringi ambako warefu walimsubiri. Alisimama karibu na mstari wa mitupo huru, akapokea mpira, akageuka. Sasa CSKA walikuwa wanne dhidi ya mabeki watatu. Beki wa chini akimjia, mpira unaenda kona au kwa fowadi anayekata. Asipomjia, Hines anapiga hatua 2 na kumalizia. Uamuzi huo hufanywa ndani ya sekunde moja, na masenta wengi warefu wa zama zake hawakuwahi kujifunza.

Ribaundi za ushambuliaji nazo zilitoka kwenye kuwahi kulekule. Aliusoma mtupo ulipoachwa mkononi, akapenyeza kiwiliwili kati ya beki na ringi kabla beki hajageuka. Sheria za FIBA zinaruhusu mpira kuguswa mara tu unapogonga ringi, basi mara nyingi aliusukuma ndani kwa vidole bila kuushika.

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja na Walter Tavares wa Cape Verde, senta wa Real Madrid mwenye mita 2.20. Mtu huyo hasukumiki kwa paja. Mwaka 2018 huko Belgrade, Real waliwatoa CSKA katika nusu fainali. Mwaka 2019 huko Vitoria-Gasteiz timu hizo zilikutana tena hatua ileile. Tavares akibaki chini ni ukuta, kwa hiyo dawa ya senta mfupi ni kuweka skrini mbali, juu kabisa ya mstari wa pointi tatu, kumlazimisha achague kati ya kumwachia gadi mtupo au kutoka kwenda mahali ambapo urefu wake hautishi. CSKA walishinda 95-90, kisha wakaifunga Anadolu Efes 91-83 wakawa mabingwa.

Marekani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Golden State Warriors walitwaa ubingwa wa 2015 wakimtumia Draymond Green, mwenye mita 1.98, kama senta kwenye dakika muhimu. P.J. Tucker, aliyefika Bamberg msimu wa 2011-12 mara baada ya Hines kuondoka na kuwa naye mchezaji bora wa fainali za Ujerumani, alirudi NBA na baadaye akawa senta mfupi wa Houston. Hines alibaki Ulaya. Mwaka 2020 alimfuata Ettore Messina, kocha wake wa kwanza CSKA, hadi Olimpia Milano, na 2021 klabu hiyo ikafika fainali za timu nne za EuroLeague kwa mara ya kwanza tangu 1992.

Miguu ilikuwa imepungua kasi. Alibadilishana mara chache zaidi, akaita skrini mapema zaidi, akachagua gadi gani wa kumfuata na yupi wa kumwachia mwenzake. Tuzo ya mlinzi bora wa EuroLeague, aliyoipata 2016 na 2018, akaitwaa tena 2022 akiwa na miaka 35. Wapiga kura wa tuzo hiyo ni makocha wakuu wa ligi, watu walewale ambao kabla ya kila mechi dhidi yake walikesha wakitafuta skrini itakayomweka pabaya.