Kitenzi "Kula" katika Usemi wa Saratani: Uhakiki wa Sitiari kwa Kurejelea Mkoa wa Singida

Katika mazungumzo ya Kiswahili kuhusu saratani, kitenzi kinachojitokeza mno ni "kula". Husemwa kwamba ugonjwa umekula titi, umekula mfupa au umekula kizazi. Kwa mujibu wa Nadharia ya Sitiari Dhanifu, iliyoelezwa na George Lakoff na Mark Johnson mwaka 1980, usemi wa aina hiyo si pambo la lugha bali ni mkondo wa fikra. Uhakiki huu unajenga hoja kwamba kitenzi "kula" kinamtaja mtendaji asiye sahihi, na kwamba kosa hilo lina gharama kwa mgonjwa.

Jina lenyewe limeandaa kosa hilo. "Saratani" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kaa. Jina na kitenzi vikikutana, msikilizaji hupata picha ya mnyama mgeni mwenye magando, aliyeingia mwilini kutafuna. Biolojia inasimulia jambo tofauti. Vimeng'enya vinavyokata kolajeni, protini inayoshikilia tishu, ni mali ya mwili wenyewe. Huhitajika jeraha linapopona na mfupa unapokua. Mwaka 1962, Jerome Gross na Charles Lapiere walitambua kimeng'enya cha aina hiyo katika mkia wa kiluwiluwi, mkia unaoyeyushwa anapogeuka chura. Jeni za vimeng'enya hivyo zimo katika kila seli yenye kiini, ila katika seli nyingi zimetulia.

Kinachobadilika katika uvimbe ni amri. Ishara ya ukuaji hupokewa kwenye uso wa seli, hupitishwa kutoka protini moja hadi nyingine, kisha hufika kwenye kiini. Huko, protini za Fos na Jun, ambazo kwa pamoja huitwa AP-1, hushika DNA jirani na mwanzo wa jeni, na jeni huanza kusomwa. Katika seli ambayo jeni yake ya RAS imebadilika, ishara hiyo haizimiki. Aidha, mwaka 1990 Paul Basset na wenzake nchini Ufaransa walionesha kwamba katika saratani ya titi, jeni ya kimeng'enya kimojawapo ilikuwa ikifanya kazi si katika seli za saratani bali katika seli za tishu-unganishi zinazozizunguka. Mlaji, basi, aweza kuwa jirani aliyeamrishwa. Methali "kikulacho ki nguoni mwako" iko karibu zaidi na ukweli kuliko jina la kaa, ingawa nayo imeshikilia kitenzi kilekile.

Watafiti nao hawakusalimika. Dawa kama marimastat, zilizobuniwa kuzuia vimeng'enya hivyo, zilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1990. Kwa jumla hazikurefusha maisha kama ilivyotarajiwa, na baadhi ya wagonjwa walipata maumivu ya viungo. Ilidhihirika pia kwamba baadhi ya vimeng'enya vya jamii hiyo huuzuia uvimbe. Kung'oa meno hakukutosha, kwa kuwa tatizo halikuwa meno peke yake.

Kwa msikilizaji wa Singida, ambako wengi hujifunza Kinyaturu au Kinyiramba kabla ya Kiswahili, ipo picha bora zaidi: boma la mifugo. Mwenye boma hulifungua asubuhi na kulifunga jioni. Kufungua si uadui. Hatari huja pale amri ya kufungua inapotolewa usiku. Picha hiyo inamrejeshea mgonjwa kitu ambacho "kula" humnyima, nacho ni wakati. Aliyekwisha kuliwa hana cha kuwahi. Katika mlango wa kizazi, hata hivyo, seli zilizobadilika huweza kukaa miaka mingi nyuma ya utando wa msingi kabla ya kuuvunja. Katika kipindi hicho, uchunguzi kwa kutumia siki huweza kuzibaini, nazo zikatibiwa kabla hazijawa saratani. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Chanjo dhidi ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Hivyo basi, uteuzi wa kitenzi ni sehemu ya kumshawishi mwanamke afike kituoni mapema.

Wanaistilahi wametimiza wajibu wao kwa upande wa nomino: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Mchakato, hata hivyo, hukaa katika vitenzi, na hapo unyambulishaji wa Kiswahili unatosha: kimeng'enya huvunja, utando huvunjwa, na seli ya saratani huvunjisha kwa mkono wa jirani. Kauli ya kutendesha inabeba katika neno moja kile ambacho "kula" hukificha. Picha ya boma nayo ina mpaka wake, kwa kuwa seli haina nia wala hila, na anayeitumia anapaswa kulisema hilo waziwazi. Pamoja na upungufu huo, inamwachia msikilizaji swali lenye manufaa: je, boma limekwisha kuvunjwa, au bado?